Wali kiporo usiutupe: mashendea matamu ya tui na iliki, mwanzo mpaka mwisho

Jamani kuna kitu kinaniuma sana, unaingia jikoni kwa mtu asubuhi unakuta sufuria la jana limejazwa maji kwenye sinki na wali bado umo ndani, vikombe viwili vitatu hivi, unasubiri kumwagwa. Na bei ya mchele wote tunaijua. Halafu wali ule nusu ya kazi ishafanyika, mchele ulishachaguliwa, ulishaoshwa, ulishaiva. Ukiwa na nazi moja, sukari kidogo na iliki, ndani ya dakika 40 unakula kitu kitamu cha moto na watoto wanagombania nani alambe mwiko.

Kwetu Tanga marehemu bibi alikuwa anakipika sana kipindi cha masika, mvua inanyesha tangu alfajiri, tukirudi chuoni, yaani madrasa, tumelowa tunakuta sufuria limefunikwa kwa sinia pembeni ya jiko. Alikuwa anayaita mashendea ya sukari. Mashendea yenyewe mnayajua, ule wali laini wa majimaji anaopewa mgonjwa au mtoto, sasa haya ni ya kiporo na yana utamu wake. Wengine wataita firni, ila firni ninayoijua mie inaanza na mchele uliosagwa kabisa, hii inabaki na punje zake, unazisikia mdomoni.

Kosa wanalofanya wengi ni kuchukua kiporo wakakipika kama vile ni mchele mbichi, yaani wanamwaga tui, sukari, iliki vyote pamoja, wanawasha moto. Inatoka tui tamu lenye punje ngumu zinaogelea. Wali uliopoa una tabia zake, ukizijua hizo basi mengine yote mepesi.

Kazi inaanza usiku, sio asubuhi

Hapa naomba msome taratibu, najua wengi tumekulia kiporo na chai, wali umelala kwenye sufuria juu ya meza usiku kucha, asubuhi unapashwa na maisha yanaendelea. Mie siku hizi wali uliolala nje sipikii mtu, na sababu ipo.

Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, anakuwepo kwenye mchele tangu shambani, na mbegu zake zinavumilia kuchemka. Ukishapika wali ukauacha na uvuguvugu wake zile mbegu zinaamka, zinazaana, zinatoa sumu. Na sumu ile inayoleta kutapika haiondoki kwa kupasha moto, hata uchemshe vipi. Wala sio lazima wali unuke wala uvute utelezi ndio ujue umeharibika, unaweza kuwa unaonekana mzuri tu. Kwa joto la Dar au Mombasa usiku ule ni mrefu mno. Wali wa nazi ndio kabisa, unachacha kabla hujaamka.

Kwa hiyo mkimaliza kula, kabla hujakaa kwenye kochi, pakua wali uliobaki ule ambao haujaguswa na mchuzi wala mikono ya watu, utandaze kwenye bakuli pana au sinia ili upoe haraka, usiuache umerundikana kwenye sufuria maana katikati unabaki na joto masaa. Ukishapoa weka kwenye chombo chenye mfuniko, ndani ya friji. Mie najipa saa moja, na nikisikia zimepita mbili wali ule ni wa kuwamwagia kuku. Utumie kesho yake, usiuweke siku tatu nne.

Huna friji? Pika mashendea usiku uleule, wali ukiwa bado wa moto. Tena unakuwa umejirahisishia, maana haujakaza, mtakula kabla ya kulala au mtayamaliza palepale baada ya chakula.

Wali gani unafaa

Wali mweupe wa chumvi kidogo unafaa, wali wa nazi unafaa zaidi ya wote. Wali wa mafuta uliokaangiwa kitunguu unaweza kuuokoa kama kitunguu ni kidogo ila mie hainivutii, iliki na kitunguu havielewani. Pilau na biriani achana navyo, pasha ule hivyohivyo.

Mchele wa Kyela, wa Morogoro au pishori ya Mwea inatoa mashendea mazuri sana, punje inalainika vizuri na harufu yake yenyewe inachangia. Basmati pia inakubali, tatizo lake punje inapenda kujitenga, kwa hiyo utaipa dakika tano zaidi na utaiponda zaidi kidogo kama nitakavyoeleza.

Kabla ya chochote onja wali wako. Kama chumvi inasikika au una mafuta mafuta, usuuze mara moja tu kwa maji ya uvuguvugu kwenye chujio, uache uchuje maji. Usiusuuze mara tatu kama unaosha mchele, utaondoa wanga na wanga ndio utakaotufanyia uzito. Wali wa nazi usioshe kabisa. Na ukoko ule wa kahawia weka pembeni, ukiuchanganya utakuta vipande vigumu na ladha ya moshi kwenye sufuria zima.

Vitu vyenyewe

Vipimo hivi ni kwa kikombe cha mililita 250, wanakula watu wanne vizuri.

Wali kiporo vikombe 2, usiushindilie. Maji kikombe 1. Tui jepesi vikombe 2 na tui zito kikombe 1, vyote vinatoka kwenye nazi moja kubwa. Sukari vijiko vya kula 4, wenye kupenda sukari wataongeza cha tano, mie nasema anza na vinne kwanza. Iliki punje 6. Mdalasini kijiti kimoja urefu wa kidole. Zabibu kavu kiganja kimoja, ukiwa nazo. Chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na hii weka tu kama wali wako haukuwa na chumvi au umeusuuza.

Nazi chagua ile nzito, ukiitikisa usikie maji, na angalia yale macho yake matatu, yakiwa na unyevu au ukungu iache hapohapo sokoni. Ikune, tia kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, finyanga kwa mkono kama dakika mbili, kamua, hilo ndilo tui zito liweke peke yake. Rudisha machicha, tia vikombe viwili vya maji, kamua tena, hilo ndio jepesi. Usiyachanganye hata kama sufuria limebaki moja, kila moja lina zamu yake. Wa kutumia blenda ni hivyohivyo, saga na maji kidogo, chuja.

Mlioko mbali ambako nazi nzima ni shida, kopo la mililita 400 linatosha, gawa nusu, nusu moja iongeze maji mpaka ifike vikombe viwili ndio jepesi lako, nusu nyingine ndio zito. Tikisa kopo kabla ya kufungua maana mafuta yanaganda juu.

Iliki nunua nzima, menya, toa zile mbegu nyeusi uzitwange na kijiko kimoja cha sukari kwenye kinu kidogo. Sukari inazishika zisiruke na zinalainika kama unga. Iliki iliyosagwa ya dukani ikishakaa kwenye kichupa miezi inakuwa vumbi tu, utaweka kijiko kizima na hutasikia kitu.

Kuvunja madonge

Wali ukitoka friji umeshikana donge moja. Usiutupe hivyo kwenye sufuria. Lowesha vidole kwa maji, uvunjevunje taratibu mpaka punje ziachane. Halafu chukua kama robo ya wali huo, uweke pembeni kwenye bakuli, uuponde kwa mgongo wa kijiko au kwa mwiko mpaka uwe kama ugali laini. Robo hii iliyopondwa ndio inayoyafanya mashendea yawe mazito bila kuongeza unga wa mahindi wala kastadi. Wenye basmati pondeni theluthi. Ila usisage wali wote kwenye blenda, inatoka gundi ya kubandikia karatasi, inavutika, kula hailiki.

Kuulainisha kwanza, kwa maji matupu

Wali wote, ule uliopondwa na ule mzima, uingie kwenye sufuria zito na kikombe kimoja cha maji. Moto mdogo, funika. Kwenye jiko la mkaa punguza makaa yabaki machache, kwenye gesi shusha mpaka mwisho. Dakika 8 mpaka 10, ukifunua mara mbili kukoroga.

Hii ndio hatua ambayo watu wanairuka. Wali ukipoa, wanga wake unajikaza, ndio maana kiporo cha friji kinakuwa kigumu na kikavu hata kama jana kilikuwa laini kabisa. Maji ya moto yanaulegeza tena, lakini yanataka muda wa kuingia mpaka ndani ya punje. Ukitia sukari sasa hivi sukari inayashika yale maji, punje inabaki na kiini chake, unaweza kuchemsha saa nzima na bado unatafuna.

Bibi alikuwa hatumii saa. Alikuwa anachota punje mbili tatu kwa ncha ya mwiko, anazipuliza, anazibana kati ya kidole gumba na cha shahada anazisugua mara moja. Zikipakika zote kwenye kidole kama krimu, tayari. Akihisi kijidude kigumu katikati, hata kidogo, anarudisha mfuniko bila kusema kitu. Mie mpaka leo nafanya hivyohivyo, na ukifanya mara mbili kidole kitakuwa kishajua chenyewe. Maji yakikauka kabla kiini hakijaisha ongeza robo kikombe, hakuna ubaya.

Tui jepesi na viungo

Kiini kimeisha? Mimina tui jepesi lote, tia mdalasini, zabibu na nusu ya iliki. Zabibu ziingie hapa ili zivimbe na kuachia utamu wake, ukizitia mwisho zinabaki zimesinyaa. Acha mfuniko wazi sasa, moto uwe wa kutokota tu, dakika 10 mpaka 12. Koroga kila baada ya dakika moja au mbili, na unapokoroga mwiko uguse chini ya sufuria uzunguke kingo zote, maana wali wenye tui unashika chini kimyakimya na ukishaungua hata kidogo ladha inapanda juu yote. Ikitokea umesikia harufu ya kuungua usikwangue, hamishia ya juu kwenye sufuria jingine uendelee.

Hapa ndio nyumba inaanza kunukia na watu wanaanza kuchungulia jikoni.

Sukari

Ikishakuwa nzito kama uji wa ulezi ulioiva, tia sukari na ile chumvi ya kubana. Utashangaa mara moja inalegea, inarudi majimaji, usiogope na usikimbilie kuongeza wali au unga, ni sukari imeyeyuka tu. Ipe dakika nne hivi itashika tena. Onja sasa. Kumbuka kitu cha moto kinasikika kitamu zaidi ya kikipoa, kwa hiyo kama unapanga kula baridi ruhusu sukari izidi kidogo, kama ni ya moto acha palepale inapokuridhisha.

Tui zito, na usiondoke jikoni

Punguza moto uwe mdogo kabisa. Mimina tui zito kidogokidogo huku unakoroga upande mmoja. Usifunike. Usiache lichemke kwa nguvu. Unachotaka ni viputo vidogo tu kwenye kingo za sufuria, katikati patulie. Dakika 4 mpaka 5 zinatosha.

Mwaka mmoja Ramadhani nilikuwa na wageni wa futari, nimetia tui zito, nikafunika, nikaenda kufungua mlango, salamu moja mbili, narudi nakuta mafuta yanaelea juu na chini kuna chembechembe nyeupe. Tui limekatika. Nililia kwa kweli maana nazi ilikuwa ya mwisho na adhana inakaribia. Nilichofanya niliipua sufuria, nikatia vijiko vitatu vya maziwa ya uvuguvugu nikapiga kwa nguvu na mchapo, likarudi kiasi, sio lote. Ladha ilikuwepo, uso wake ndio haukuwa ule. Kwa hiyo ikikutokea jaribu hivyo, ila ni afadhali mgeni asubiri mlangoni dakika tano.

Jinsi ya kujua muda wa kuipua: buruza mwiko chini ya sufuria kutoka ukingo mpaka ukingo. Ile njia ikibaki wazi kidogo halafu ikafunga taratibu, ipua. Utaona kama bado nyepesi, na hapo ndipo wengi wanaongeza dakika kumi wakapata jiwe. Wanga unaendelea kukaza ikipoa, nusu saa baadaye itakuwa nzito kuliko unavyoiona sasa. Iache ikiwa inateleza. Toa mdalasini, nyunyiza ile nusu ya iliki iliyobaki, funika dakika tano itulie.

Wanaopenda maji ya waridi matone machache tu, na yaingie baada ya kuipua, kwenye moto harufu yake inapotea yote. Zafarani iloweke mapema kwenye vijiko viwili vya tui vuguvugu ndio uimimine, inatoa rangi nzuri sana kwa siku ya sikukuu.

Kama nazi hakuna

Maziwa freshi yanafanya kazi, vikombe 3 badala ya matui yote mawili. Yachemshe peke yake kwanza, maana maziwa mabichi unataka uhakika yamechemka, halafu yaingie wali ukishalainika. Yanashika chini haraka kuliko tui, mwiko usitulie. Mwishoni kijiko cha siagi kinaleta ule ulaini ambao nazi ingeleta. Mie napenda nusu kwa nusu, maziwa kwenye nafasi ya tui jepesi na tui zito mwishoni, inakuwa tamu kweli. Ila usitie limau wala juisi ya matunda yenye uchachu humo ndani, maziwa yatakatika. Embe au ndizi mbivu kata uweke juu ya bakuli wakati wa kula.

Ya kupalia

Hii ni kwa wenye jiko la mkaa na mwenye nafasi. Paka samli au mafuta kwenye sufuria ndogo, mimina mashendea yakiwa mazito kidogo, tandaza juu kijiko cha sukari, funika kwa mfuniko wa bati, chini acha makaa mawili matatu, juu ya mfuniko palia makaa ya kutosha. Dakika 15. Juu panakuwa na ngozi ya kahawia yenye sukari iliyoungua kidogo, chini laini. Wenye oveni moto wa juu, dakika hizohizo, ukiangalia kila baada ya tano.

Kupakua na kinachobaki

Ya moto kula kwenye bakuli dogo na kijiko, peke yake. Ukitaka cha kutafuna, kaanga nazi iliyokunwa kwenye kikaango kikavu mpaka iwe kama rangi ya chai ya maziwa, nyunyiza juu. Kwa baridi, gawa kwenye vikombe, yapoe, friji masaa mawili, itashika kijiko kikisimama.

Yakibaki yawekwe friji yaliwe baridi kesho yake, hapo mwisho. Usiyapashe tena. Wali huu ulishapikwa mara moja, ukapata moto mara ya pili, wa tatu usiupe, kwa sababu ileile niliyoeleza kule juu.

Na kama kiporo chako ni ngumi moja tu, hakitoshi mashendea, usikitupe pia. Siku unayosaga mchele wa vitumbua, ule ulioloweka usiku, kitie humohumo kwenye blenda na tui, hamira na iliki. Vitumbua vinakuwa laini ndani, na kesho yake bado ni laini.